Mzee Samahani na Tahadhari Kumi na Tisa za Bure

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Msoma Maji wa ofisi yetu atarudisha ufunguo wa kabati, koti la mvua namba saba na kalamu moja nyekundu. Kwa hatua hiyo atakuwa amehitimisha miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku nne za utumishi. Mtunza ghala amekwisha kulikagua koti na kuona halifai tena kwa matumizi ya mtu yeyote. Kwenye fomu ameandika kwamba limechakaa "kwa sababu zisizojulikana." Sababu zinajulikana. Ni mvua.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawaijui kazi hii, tueleze kidogo. Barua yake ya ajira inasema atasoma kina cha mto mara tatu kwa siku na kukiandika. Kwenye nguzo ya daraja la juu kuna ubao wa kipimo wenye namba, na karibu na kichwa chake mstari mwekundu. Maji yakiupita mstari huo, saa tano baadaye huingia Mtaa wa Chini, wenye kaya mia moja themanini na sita, bila kubisha hodi. Ofisini tunamwita Msoma Maji. Mtaa wa Chini wanamwita Mzee Samahani, na ukitaka kusema kweli, hilo la pili ndilo jina alilolifanyia kazi.

Alianza vizuri mno. Katika mwezi wake wa pili kazini maji yaliupita mstari mwekundu. Alifuata utaratibu kama ulivyokuwa: akaandika takwimu kwa nakala tatu, akagonga muhuri, akapeleka barua makao makuu ili makao makuu yatafakari kisha yatoe tangazo. Maji yalitumia saa tano. Barua ilitumia siku tatu. Walikufa watu arobaini na mmoja. Wiki mbili baadaye alipokea barua ya pongezi kwa unadhifu wa kumbukumbu zake. Hakuitundika ukutani. Aliibandika ndani ya jalada la daftari lake, na kila daftari lilipojaa aliibandua na kuihamishia kwenye jipya. Sasa yuko daftari la tano, na karatasi ile imekuwa laini kama kitambaa.

Mwaka uliofuata, maji yalipoukaribia mstari tena, hakuandika barua. Aliazima baiskeli ya tarishi na kipaza sauti cha timu ya mpira, akashuka Mtaa wa Chini kuwatangazia watu wapande kilimani, shuleni. Wakapanda na magodoro vichwani na masufuria mikononi, wakashinda madarasani tangu asubuhi hadi jioni. Maji yalipanda hadi kiganja kimoja chini ya mstari, yakasimama kama mtu aliyekumbuka jambo, yakarudi. Watu waliposhuka walikuta maharage yameungua, kuku wanne hawaonekani, na mto umetulia kabisa, kana kwamba haujui kinachozungumzwa.

Kesho yake asubuhi alifanya jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa maafa tulio nao, na miongozo tunayo mingi, mingine tunaitumia kuzuia milango isijifunge kwa upepo. Alirudi Mtaa wa Chini, akaenda nyumba ya kwanza, akabisha hodi, akasema: samahani, jana niliwatoa bure.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, wakati huo mama kijana mwenye sare za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu. Alimpa vidonge vyake palepale mlangoni, na majirani waliosikia wanavikumbuka mpaka leo: "Bure? Wewe unaijua bure? Sare kumi na mbili zimelala, mwalimu mkuu kanikalia kooni, na mama mkwe wangu nimempandisha kilimani juu ya mlango! Mlango, baba! Umewahi kumbeba mama mkwe wako juu ya mlango?" Msoma Maji alikiri kwamba hajawahi. Kisha akatoa daftari, akauliza mama mkwe ana uzito gani.

Hapo ndipo ulipoanzia mfumo wetu wa tahadhari ya mapema, ingawa taarifa zetu zinauanzisha miaka kumi na sita baadaye, kwenye semina.

Tangu siku ile, kila alipowatoa watu bure, alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Ilimchukua siku nne au tano kila mara. Na mtu aliyeudhika hafichi kitu. Anakwambia nani alibaki nyuma, nani alianguka ngazi, nani alikataa kutoka, na kwa nini. Ukimwendea mtu huyohuyo na dodoso la utafiti atakwambia hali ni nzuri, tunashukuru. Mambo haya yote yaliingia kwenye daftari, kwa mwandiko uleule uliopongezwa. "Fundi viatu: sikio la kushoto halisikii, gonga dirisha la kulia." "Mjane wa kona: hatoki bila sanduku. Usibishane naye. Beba sanduku, atalifuata." "Muuza mkaa: atasema maji hayaji. Mpe dakika tano aseme, kisha mwambie mkewe ameshatangulia." "Nyumba yenye mbwa: mwite mbwa kwanza."

Safari iliyofuata alipokuja na kipaza sauti, wabeba mizigo wawili wa sokoni walikuwa wamekwisha kufika kwa fundi cherehani, na machela mkononi.

Jambo la pili hakulipanga, na huenda ndilo kubwa. Watu walianza kutoka. Kwanza kwa kuwa walimjua sura. Pili, tuseme tu, kwa kuwa waliionea raha siku ya pili yake. Kumsuta mtumishi wa serikali aliyesimama mlangoni pako kofia mkononi si nafasi inayopatikana kila wiki. Wengine walianza kuandaa maneno wakiwa bado kilimani. "Twendeni tu," walikuwa wakiambiana, "yasipokuja, kesho tunaye." Watoto walimfuata njia nzima: "Mzee Samahani, maji yako yamepotea njia?" Muuza mkaa kila mara alimpa ujumbe uleule: "Ukifika darajani nisalimie mto, mwambie sisi tulifika, yeye ndiye hakutokea."

Katika miaka yote hii ametoa tahadhari ishirini na mbili. Kumi na tisa zilikuwa za bure. Tatu zilikuwa za kweli. Katika ya kwanza walikufa watu sita. Katika ya pili alikufa mmoja, aliyerudi kuchukua redio. Ya tatu ilikuwa miaka sita iliyopita, maji yakiwa juu kuliko yale ya barua na muhuri, kiasi kwamba mstari mwekundu wenyewe haukuonekana. Nyumba tisini zilibomoka. Alikufa mbuzi mmoja.

Fomu ya tathmini ya utendaji haina nafasi ya kuandika mtu ambaye hakufa. Ina nafasi ya kuandika lengo na ufanisi kwa asilimia. Afisa utumishi, ambaye ni mtu makini, aligawanya tatu kwa ishirini na mbili akapata kumi na tatu na ushee, akapendekeza mafunzo. Kwa sababu hiyo Msoma Maji anastaafu na cheo alichoajiriwa nacho, akiwa na vyeti saba vya mafunzo ya kusoma maji.

Ofisi, kwa upande wake, ilisifiwa. Kila mwaka tunaletewa fomu kutoka ng'ambo inayouliza nchi zinazoendelea zimepiga hatua gani katika kupunguza hatari za maafa. Fomu ni nzuri, na maswali yake si ya kubeza: mna sera? mna mitambo? mmefundisha wangapi? Baada ya mafuriko yale ya mbuzi mmoja tuliweka alama kwenye "hatua kubwa," na kwa mara ya kwanza alama ile ilikuwa kweli tupu. Kwenye maelezo tuliandika kwamba mafanikio yametokana na kipimo cha kielektroniki kilichofungwa darajani. Siku ya mafuriko kipimo hicho kilikuwa kinasoma sifuri, kwani betri yake ilikuwa imeazimwa kuwashia gari la ofisi. Ujumbe wetu ulialikwa mkutanoni kueleza siri ya ufanisi. Msoma Maji alikuwa katika orodha ya wasafiri, akapunguzwa, lakini picha yake ilisafiri. Amesimama kando ya kipimo, ameshika kile kiboksi kitupu cha betri, anatabasamu kama mtu aliyeombwa kutabasamu.

Aliporudishiwa nakala ya fomu aliisoma yote, akauliza kama kuna mahali pa kuandika viatu, maana humaliza jozi mbili kwa mwaka. Afisa mipango alimwambia aandike kwenye "mengineyo."

Miaka miwili iliyopita ofisi iliajiri mwanasheria, aliyetoka chuoni na alama nzuri, na ambaye ndiye anayeandika wasifu huu. Waraka wake wa kwanza ulikuwa na sentensi aliyoiona fupi na kamili: "Ofisi haiombi radhi; ofisi hutoa ufafanuzi." Hoja ilikuwa kwamba radhi ni kukiri kosa, na kosa lililokiriwa hufika mahakamani. Hakuna aliyekuwa ameishtaki ofisi kwa miaka ishirini na tisa. Mwanasheria hakujiuliza kwa nini. Msoma Maji alisaini kuupokea waraka, akashukuru, na kesho yake akaleta fomu ya likizo. Mahali pa sababu aliandika: "Shughuli binafsi, Mtaa wa Chini."

Tangu hapo tahadhari za bure zimekuwa tatu, na likizo zake zote zimeishia kwenye milango ya watu. Mkewe, mwalimu wa hesabu, anasema ameolewa na mtu ambaye likizo yake hupangwa na mawingu. Wiki ijayo wawili hao wanahama nyumba ya idara na kuhamia nyumba aliyoachiwa mke na wazazi wake. Nyumba hiyo ipo Mtaa wa Chini, ya pili kutoka mtoni. Hakuna afisa mipango ambaye angepanga hivyo.

Kwa hiyo mtu asidhani barua tatu alizoandika mwaka huu zilikuwa za kujitafutia sifa. Aliomba jambo moja: atakayemrithi aandikiwe kwenye majukumu yake kwamba baada ya tahadhari ya bure ataenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba hatakuwapo wa kumrithi, kwani nafasi imefutwa baada ya kununuliwa ving'ora vinne. Ya tatu ilikuwa bado haijajibiwa kilipolia king'ora.

Kililia Jumanne ya tarehe ishirini, saa nne asubuhi. Fundi wa mitambo alikuwa anakijaribu na hakumwambia mtu. Kwa sauti kilifanya kazi yake barabara. Mtaa mzima ulipanda kilimani, ukakuta wanafunzi katikati ya mtihani, ukakaa uwanjani juani hadi saa saba, ukashuka. Ofisi ilitoa ufafanuzi siku hiyohiyo: ukurasa mmoja, umebandikwa kwenye ubao wa matangazo ndani ya geti letu, kilomita saba kutoka Mtaa wa Chini. Msoma Maji hakuwa na siku hata moja ya likizo iliyobaki. Jumatano alionekana mara tatu amesimama mbele ya ubao huo, akiusoma kama anavyosoma mto.

Ijumaa fundi cherehani alikuja mapokezini na majirani wawili. Nywele zimeshakuwa nyeupe, sauti ni ileile. "Mwanangu," alimwambia kijana wa mapokezi, "tumekuja kuuliza, huyu king'ora anakuja lini?"

"Anakuja wapi, mama?"

"Kuomba radhi. Katutoa Jumanne. Jumatano tumemsubiri, jana tumemsubiri, chai imepashwa mpaka imekuwa dawa."

Aliambiwa king'ora ni mashine. "Basi mleteni aliyekizaa," alisema, na wenzake wakacheka mpaka karani wa masjala akatoka kuangalia. Kisha yeye akaacha kucheka. "Mimi sijaja kugombana. Nyumba ya tatu kuna mtoto wa wiki mbili. Kwa fundi viatu ameletwa baba mzazi, hatembei. Hayo nimwambie nani? Nikalisemeshe lile chuma juu ya mlingoti? Na hawa wenzangu wanasema, likilia tena hawatoki. Mimi nimewajibu watatoka. Lakini nimewajibu kwa mdomo tu."

Mwanasheria alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa masjala. Alisikia yote.

Jumatatu kilifanyika kikao cha menejimenti, cha saa tatu nzima. Iliazimiwa kwamba timu ishuke Mtaa wa Chini kutoa ufafanuzi ana kwa ana. Kwamba Msoma Maji aiongoze kwa kuwa hakuna mwingine anayejua milango. Na kwamba mwanasheria aende kuhakikisha neno la radhi halitamkwi. Msoma Maji aliahidi kutolitamka, na ahadi yake aliitimiza.

Kwa fundi cherehani mwanasheria alisimama uani na karatasi mkononi akaanza kusoma. Alikuwa amefika kwenye "hitilafu ya kiufundi isiyotarajiwa" aliporudi nyuma hatua moja ili apate mwanga, kisigino kikagonga beseni. Maji yote yakamwagikia kitambaa kilichokuwa kimetandazwa chini, kimechorwa chaki, tayari kukatwa. Mistari ya chaki ikafutika huku watu wanatazama. Sare nane.

"Jamani! Samahani mama! Samahani sana, nisamehe!"

Msoma Maji alitazama angani, kama mtu anayepima mvua. Kisheria, mwanasheria amelichunguza jambo hili baadaye na hakupata pa kujitetea: maji ya ofisi yalikuwa yamefika nyumbani kwa mwananchi, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

"Kumbe neno mnalo," fundi cherehani alisema. Akakiinua kitambaa, akakikamua taratibu, akamwangalia mwanasheria kwa muda ambao haukuwa mfupi. "Na Jumanne je?"

Mwanasheria alisema samahani na kwa Jumanne pia.

"Haya. Sogeza kigoda. Hujui hata kusimama uani kwa watu, angalau tuone kama unajua kuandika. Mama mkwe mfute, alishatutoka miaka kumi, huyo mzee wako anaona haya kumfuta. Mtoto wa nyumba ya tatu, andika." Msoma Maji akampa mwanasheria daftari. Kalamu alimpa ile nyekundu, ambayo ni mali ya ofisi na inadaiwa Ijumaa.

Hadi Alhamisi hii wasifu unapoandikwa, milango tisini na saba imebishwa. Muuza mkaa amesuta kwa dakika ishirini, akaomba king'ora kisalimiwe. Waraka mpya wenye sentensi moja, unaoufuta ule wa kwanza, upo mezani kwa mkurugenzi ukisubiri saini, na pembeni yake ipo ile barua ya tatu, ambayo sasa inasemekana inashughulikiwa kweli. Hatuwezi kuahidi zaidi ya hapo. Tunaifahamu ofisi yetu. Lakini milango themanini na tisa iliyobaki haisubiri saini, na kwa sababu hiyo mstaafu ameomba hotuba yake ya kesho iwe fupi na watu wavae viatu vya kutembelea.

Jana mwanasheria alilifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, atafute pa kuendelea. Alikuta maelezo ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi, kwa ule mwandiko wa pongezi: "Nyumba ya pili kutoka mtoni. Msoma maji mstaafu na mkewe. Mke atatoka mara moja. Mume goti la kulia halipandi kilima. Atabishana kuhusu kina cha maji na atataka kwenda darajani kuhakikisha. Asisikilizwe. Abebwe."

Mzee wetu, tunakushukuru kwa watu ambao majina yao hayapo kwenye taarifa yoyote kwa kuwa hakuna lililowapata. Tunakutakia mvua ya kulala nayo, goti lisilouma, chai isiyopashwa mara tatu, na miaka mingi ya kuuangalia mto bila kuuandika. Machela iko tayari. Na siku tutakayokubeba hadi kilimani, wewe na ubishi wako, kisha maji yasije, kesho yake asubuhi tutabisha hodi mlangoni pako. Andaa maneno.